Gari Lako Mbele ya Kimbunga na Mafuriko: Maswali ya Wasomaji

Imetangazwa kwamba kimbunga kinakuja, nami sina gereji. Niliegeshe wapi gari?

Tafuta mwinuko kwanza, kisha ndipo ufikirie upepo. Wengi huhangaikia upepo, ilhali kioo kilichovunjwa na tawi hubadilishwa kwa siku moja, na gari lililojaa maji mara nyingi halirudi tena katika hali yake. Kama lipo jengo la maegesho lenye ghorofa kadhaa, chagua ghorofa za kati, kwa sababu ya chini hufurika na ya juu kabisa iko wazi kwa upepo. Ukilikosa, egesha karibu na ukuta imara, mbali na miti, nguzo za umeme na mabango. Usitegemee sana upande mmoja wa jengo kuwa kinga, kwa kuwa jicho la kimbunga likishapita upepo hugeuka na kuvuma kutoka upande wa pili.

Je, selotepu kwenye vioo na turubai juu ya gari vinasaidia?

Selotepu haikipi kioo nguvu yoyote. Turubai likilegea hupigwapigwa na upepo na kukwaruza rangi. Ni afadhali ufunge vioo vyote, ujaze tangi la mafuta mapema, kwani umeme ukikatika pampu za vituoni hazifanyi kazi, na uondoe nyaraka zako ndani ya gari.

Nikiyakuta maji barabarani, nitajuaje kama gari litapita?

Geuza gari. Maji yanayokwenda kasi yenye kina cha sentimita 15 tu yanaweza kukufanya ushindwe kulimudu gari dogo, sentimita 30 huweza kuyaelesha magari mengi, na sentimita 60 huyasomba hata yale marefu ambayo wenyewe huyaamini kupita kiasi. Isitoshe, maji ya matope hayaonyeshi kilicho chini yake. Huenda lami yenyewe imeshachukuliwa. Nasisitiza jambo hili kwa sababu watu wengi wanaokufa katika mafuriko hufia ndani ya magari yao.

Maji yamepungua, lakini gari langu lilizama hadi kwenye viti. Nijaribu kuliwasha nione kama limepona?

Tafadhali usiliwashe, wala usigeuze ufunguo hata kidogo, maana hapa ndipo gari ambalo lingeweza kuokolewa huharibiwa na mwenyewe. Injini hufanya kazi kwa kuibana hewa ndani ya silinda, na hewa hubanika, maji hayabaniki. Pistoni ikipanda na kukutana na maji, nguvu yote hurudi kwenye mkono wake, ambao hupinda au kuvunjika, na pengine ukapasua injini yenyewe. Badala yake, ukiwa na hakika kwamba hakuna waya wa umeme ulioanguka karibu, chomoa betri kwa kuanza na ncha hasi, kisha vuta kijiti cha kupimia oili: oili ikiwa na rangi ya maziwa au matone ya maji, maji yameingia. Kagua pia chujio la hewa. Likiwa limelowa, ni dalili kwamba maji yamefika kwenye njia ya hewa ya injini. Gari livutwe hadi kwa fundi, ambaye atatoa plagi ili maji yatoke kwenye silinda, na kubadilisha oili ya injini na ya gia boksi pamoja na mafuta ya breki. Wewe, wakati huo, ng'oa mazulia na ukaushe viti bila kuchelewa. Kama yalikuwa maji ya bahari, haraka iongezeke, kwa kuwa chumvi huendelea kula nyaya na viungio vyake hata baada ya gari kukauka.

Vipi kuhusu gari la umeme?

Likizama, hasa katika maji ya chumvi, usilichaji na usiliweke gerejini. Baada ya kimbunga Ian kuipiga Florida, Marekani, mwezi Septemba 2022, baadhi ya magari ya umeme yaliyozama yaliwaka moto. Hatari hiyo inaweza kujitokeza siku au wiki kadhaa baadaye, kwa hiyo liwekwe mahali pa wazi, umbali wa takriban mita 15 kutoka kwenye nyumba na magari mengine.

Bima yangu italipa?

Bima ndogo hulipa madhara uliyowasababishia wengine tu. Mafuriko hushughulikiwa na bima kubwa, na hata hiyo isome, kwani zipo zinazoyaondoa majanga ya asili au kuyatoza ada ya ziada. Usingoje tangazo la kimbunga ndipo uikate, kwa kuwa kampuni huweza kusitisha kuuza bima mpya dhoruba ikikaribia. Piga picha za gari pande zote kabla ya dhoruba, na baada yake piga picha ya alama ya juu kabisa ambayo maji yameiacha, kabla hujaanza kusafisha chochote.