Barua kwa mwanangu: Wachache wenye mlango wa pili

Mwanangu mpendwa,

Jana kwenye simu uliniuliza, tena kwa hasira, inakuwaje kachama kadogo kanaiangusha serikali ya mseto, kisha kesho yake kanaingia kwenye serikali mpya na uwaziri juu. Ukasema huo ni usaliti mtupu. Simu ikakatika kabla sijajibu.

Tuanze na hesabu. Bunge la Israeli lina viti 120. Mwenye 61 ametulia. Mwaka 2021 chama cha Naftali Bennett kilipata viti 7 tu, naye akawa waziri mkuu! Kambi zote mbili zilikuwa zikimbembeleza, na waliotaka kumwondoa Netanyahu, waziri mkuu wa wakati huo, wasingefika bila yeye. Mseto wao wa vyama 8 ulipita kwa kura 60 dhidi ya 59. Kwa pengo la kura moja, kila mbunge ni mfalme: akinuna, serikali nzima hailali. Mwaka uliofuata mbunge mmoja wa chama cha Bennett mwenyewe akajitoa, wakabaki 60 kwa 60, na haikuchukua muda wakarudi kwenye uchaguzi.

Kwa hiyo bei ya chama kidogo haipimwi kwa viti. Inapimwa kwa mlango wa pili. Kisicho na pengine pa kwenda hakibembelezwi na mtu. (Ile serikali ya nusu mkate ya Kenya ya 2008 iweke kando, ile ilikuwa ya kuzima moto, si ya kutafuta idadi bungeni.)

Sasa huo usaliti. Ujerumani Magharibi, chama kidogo cha FDP kilitawala na chama kikubwa cha SPD tangu 1969. Septemba 1982 wakavurugana juu ya uchumi na bajeti, mawaziri wa FDP wakajiuzulu. Kansela, yaani mkuu wa serikali, alikuwa Helmut Schmidt wa SPD, na katiba ya kule haikuruhusu kumwangusha kansela hivi hivi. Ni lazima kura hiyo hiyo imchague wa kushika nafasi yake. Tarehe 1 Oktoba zilihitajika kura 249. Helmut Kohl, kiongozi wa upinzani wa CDU/CSU, akapata 256. Lakini jumlisha wabunge wa CDU/CSU, 226, na wa FDP, 53: ni 279. Zile zilizopungua ndizo zinazonivutia mimi kila mara, maana ndani ya FDP wapo waliokataa kuhama. Hildegard Hamm-Brücher, mbunge mwanamke wa FDP, alisimama bungeni akasema Schmidt hakustahili kuangushwa bila wapiga kura kuulizwa, wala Kohl hakustahili kupanda bila wao. Schmidt, aliyeng'olewa, akamwendea Kohl akampa mkono.

Mimi naona mama yule alikuwa na haki, ingawa sheria haikuvunjwa. Kwenye uchaguzi wa 1980 FDP waliomba kura wakisema wataendelea na Schmidt. Deni lao lilikuwa kwa waliowaamini, kuliko hata kwa SPD. Machi 1983 wananchi wakaulizwa: FDP wakashuka kutoka asilimia 10.6 hadi 7. Walichapwa, ila walibaki, na wakatawala na Kohl mpaka 1998.

Basi kabla hujakiita msaliti hicho chama ulichokilalamikia, tafuta kwanza kilisema nini kwenye kampeni: kwamba kitashirikiana na nani, na kwamba hakitashirikiana na nani kamwe. Ukilipata neno lenyewe, nisomee. Safari hii uweke vocha ya kutosha.

Mzazi wako