Upinde wa Mvua wa Chicago

SWALI: Jina "Muungano wa Upinde wa Mvua" ni la Jesse Jackson, aliyewania urais wa Marekani mwaka 1984?

JIBU: Hapana, ndugu msomaji. Lilivuma Chicago mwaka 1969, Fred Hampton wa Black Panther, chama cha Wamarekani Weusi waliopigania haki zao, alipoungana na Young Lords, vijana wenye asili ya Puerto Rico, na Young Patriots, Wazungu maskini waliohamia kutoka kusini. Hao Patriots walivaa koti zenye bendera ya majimbo yaliyopigania utumwa! Lakini wote waliishi kwenye nyumba mbovu na kupigwa na polisi wale wale, basi wakashikana. Hampton aliuawa na polisi tarehe 4 Desemba mwaka huohuo, akiwa na miaka 21. Inaniuma sana Jackson akitajwa peke yake.