Maswali na majibu: Nyaraka kwanza, tiketi baadaye

Barua nyingi za mwezi huu ni za watu wanaotaka kuvuka mpaka wakaione bendi wanayoipenda ikipiga laivu. Nafurahi, maana muziki wa bendi unastahili safari. Nimejibu zile ambazo majibu yake yatawafaa wengi. Mlioniuliza bei za tiketi, waulizeni waandaaji wenyewe.

Nimeshalipia tiketi ya shoo London mwezi ujao, rafiki yangu wa huko amenihifadhia. Sina pasipoti bado. Nianzie wapi ili niwahi? (Msomaji, Jinja)

Hutawahi, ndugu yangu. Mwambie rafiki yako aiuze tiketi leo, kabla haijapoteza thamani.

Barua kama hii huja kila mwezi, na mpangilio wake ni ule ule: tiketi kwanza, likizo kazini pili, pasipoti mwisho. Geuzeni mpangilio huo. Pasipoti ya kawaida ya Uganda ni shilingi 250,000. Maombi unajaza kwenye intaneti, unalipia benki au kwa simu, kisha unafika mwenyewe kupigwa picha na kuchukuliwa alama za vidole. Bila pasipoti hakuna ubalozi utakaokusikiliza. Ukishaipata ndipo unaanza viza. Ya Uingereza kwa kawaida huchukua kama wiki tatu tangu siku ya alama za vidole, na unaruhusiwa kuiomba miezi mitatu kabla ya safari. Kwa nchi za Schengen, yaani Ufaransa, Ubelgiji, Ujerumani na wenzao, unaweza kuomba hadi miezi sita kabla, na mwisho ni siku 15 kabla ya kuondoka. Tangu Juni 2024 ada yake kwa mtu mzima ni yuro 90, na lazima uwe na bima ya safari isiyopungua yuro 30,000. Ada hairudishwi ukikataliwa.

Wengi wanadhani tiketi ya shoo ni ushahidi mzito. Afisa wa viza ataiangalia na kuiweka pembeni. Anachotaka kujua ni nini kitakurudisha Jinja baada ya shoo: barua ya mwajiri, usajili wa biashara, ada za shule unazolipa, kiwanja chenye jina lako. Jazeni faili hilo kwanza. Shoo kubwa hutangazwa miezi mingi kabla, kwa hiyo mwenye pasipoti mkononi ana muda wa kutosha, na asiye nayo atabaki kuangalia video za wenzake.

Kaka yangu ataniwekea milioni 15 kwenye akaunti wiki moja kabla sijaomba viza, halafu nimrudishie. Itasaidia? (Msomaji, Mbarara)

Usifanye hivyo. Afisa hasomi mstari wa mwisho wa taarifa ya benki peke yake, anasoma miezi. Akiona akaunti iliyozoea laki tatu, laki nne, kisha ghafla milioni 15 imeingia siku saba kabla ya maombi, ameshapata sababu ya kukunyima, na sababu hiyo itabaki kwenye kumbukumbu zako mara nyingine utakapoomba. Kama kaka yako kweli anagharamia safari, aandike barua aseme hivyo waziwazi, aambatishe taarifa za benki zake mwenyewe na ushahidi wa undugu wenu. Fedha kidogo zenye maelezo ni bora kuliko nyingi zisizo na asili.

Na hili hukuliuliza, lakini nitalisema. Kama safari ya usiku mmoja wa muziki itakula akiba yako yote, usiende Ulaya. Angalia kwanza ni nani anakuja karibu. Kendrick Lamar alipiga BK Arena, Kigali, Desemba 2023. John Legend akaja kwenye ukumbi huo huo Februari 2025. Ni ukumbi wa watu kama 10,000, na kutoka Kampala ni basi la usiku mmoja tu. Nawajua watu waliokuwa wakihangaikia viza ya Marekani kwa ajili ya wasanii wa aina hiyo wakati shoo inafanyika upande wa pili wa mpaka wa Katuna. Inaniuma, kwa sababu sisi tuna mipaka iliyo wazi kuliko sehemu nyingi za bara hili na hatuitumii.

Naweza kwenda Nairobi kwa kitambulisho cha taifa tu? (Wasomaji wengi mno)

Ndiyo. Uganda, Kenya na Rwanda zilikubaliana tangu 2014. Nimelijibu swali hili mara nyingi, tafadhali lihifadhini jibu.

Kitambulisho kiwe chenyewe, si picha kwenye simu, na muda wake usiwe umekwisha. Vile vya awamu ya kwanza vilikuwa vya miaka kumi, kwa hiyo toa chako uangalie tarehe sasa hivi. Kibali cha kielektroniki ambacho Kenya iliwawekea wageni mwaka 2024 hakituhusu raia wa Uganda. Ukiona mtu anakutoza fedha akuombee, anakuibia.

Kwa wanaopita mpaka wa Busia kwa mara ya kwanza: basi litawashusha, mara nyingi usiku wa manane, kila mtu na mzigo wake. Ukitoka Uganda unahudumiwa kwenye jengo la upande wa Kenya. Afisa wetu na wa Kenya wako chini ya paa moja, unatoka dirisha hili unaingia lile. Nje kuna vijana watakaokushika mkono wakuambie foleni ni ndefu, wana njia ya mkato, elfu kumi tu. Usiwafuate. Ukivuka kwa njia za panya hujaandikishwa popote, na siku polisi wa Nairobi watakapokuuliza uliingilia wapi, hutakuwa na jibu. Ongeza kadi ya chanjo ya homa ya manjano kwenye begi. Chanjo ichomwe angalau siku kumi kabla ya safari, na tangu 2016 cheti chake ni cha maisha, hakuna haja ya kurudia kila miaka kumi kama zamani.

Mifuko ya plastiki iache nyumbani, iwe ni Kenya, Rwanda au Tanzania.

Shoo ya Kigali imeandikwa saa moja jioni. Ni saa ya kwao au ya kwetu? (Msomaji, Kabale)

Ya kwao. Rwanda iko nyuma yetu kwa saa moja, kwa hiyo saa moja yao ni saa mbili yako. Rekebisha saa ukishavuka.

Sisi ni kina mama wa kikundi cha akiba hapa Busia. Tunapenda taarabu ya zamani, na tumeweka fedha mwaka mzima twende Unguja. Tufanyeje? (Wasomaji, Busia)

Shikamooni kina mama. Barua hii nimeisoma mara mbili kwa furaha. Mmeanza na fedha, mkaja na swali kabla ya kununua chochote, na mnafuata watu wanaopiga vyombo kwa mikono yao.

Kwanza, Tanzania haimo kwenye mpango wa vitambulisho. Kila mmoja awe na pasipoti. Viza hamhitaji, lakini kadi ya homa ya manjano ni lazima. Kwa barabara mnaweza kupita mpaka wa Mutukula, na ni safari ndefu, zaidi ya siku nzima hadi Dar es Salaam, kwa hiyo wazee wapangieni mapumziko njiani. Anayemudu ndege, Uganda Airlines huruka Entebbe hadi Dar. Kutoka hapo ni boti ya kama saa mbili. Mkishuka bandarini Unguja mtapita tena uhamiaji ingawa ni Tanzania ile ile. Msishangae, na pasipoti zisiwe chini ya mizigo.

Wengi huenda Februari kwa ajili ya tamasha la Sauti za Busara ndani ya Ngome Kongwe, ambalo lilianza 2004. Nalipenda kwa jambo moja kubwa: hawapokei msanii wa pleibaki, kila anayepanda jukwaani anapiga na kuimba laivu. Lakini kwa taarabu yenyewe, nawashauri msitosheke na tamasha. Ulizeni ni lini vikundi vya wenyeji vinapiga. Nadi Ikhwan Safaa wapo tangu 1905, Culture Musical Club tangu 1958. Hapo mtakaa mita chache kutoka kwenye kanuni na udi (vyombo vya nyuzi), fidla zimejipanga mstari, akodioni na dumbaki, na mtasikia fidla zikimjibu mwimbaji kila anapomaliza mshororo. Kwenye rekodi fidla hizo husikika kama kitu kimoja. Mkiwa mbele yao mtaona kila mmoja anavyovuta kwa namna yake.

Chukueni noti ndogo ndogo za kutunza. Anayetunza huinuka taratibu, anakwenda mbele kwa mwendo wa ngoma, anampa mwimbaji mkononi, anarudi kukaa. Ila sikilizeni ubeti kwanza. Ukiinuka kutunza penye maneno ya kumsema mtu, wenyeji watatafuta huyo unayemsema ni nani, na pengine aliyekaa jirani yako atajua ni yeye. Vaeni mavazi ya heshima. Na kabla ya kukata tiketi angalieni kalenda ya Kiislamu, kwa sababu mwezi wa Ramadhani ngoma hunyamaza.

Mkirudi, nendeni pia mkawasikilize bendi ya Afrigo hapa hapa Kampala. Wanapiga tangu 1975, na wako vijana wetu wanaovuka mpaka kutafuta bendi ambao hawajawahi kukaa mbele yao hata usiku mmoja.

Promota fulani anasema ataniingiza kwenye orodha ya wanenguaji wa bendi inayokwenda Ulaya. Nitalipa kidogo kidogo. Nitaona shoo bure, na nikitaka nitabaki. (Msomaji, Kampala)

Mkatie simu, na kama umeshamlipa chochote, hesabu kimepotea na usiongeze hata shilingi.

Ujanja huu ni wa zamani na umeshawafikisha watu mahakamani. Papa Wemba, nyota wa rumba wa Kongo, pamoja na ukubwa wake wote, alikamatwa Ufaransa mwaka 2003 kwa kesi ya kuwaingiza watu Ulaya wakijifanya ni wa bendi yake. Alikaa rumande miezi kadhaa, na mwaka 2004 mahakama ikamkuta na hatia. Tangu hapo bendi za kwetu zinaangaliwa kwa jicho kali. Wanamuziki wa kweli, waliofanya mazoezi miaka mingi, wananyimwa viza kwa sababu ya watu waliopitia migongoni mwao. Unapolipia nafasi hiyo unamnyang'anya mpiga gitaa safari yake.

Na wewe mwenyewe: Uingereza ikikukuta umedanganya kwenye maombi ya viza inaweza kukufungia milango miaka kumi. Promota hatakuwa nawe siku afisa atakapokuambia hapo hapo kaunta, haya, tuoneshe unavyonengua.

Kama unataka kwenda kufanya kazi Ulaya, hilo ni jambo lingine lenye njia zake, na si aibu. Usilivishe nguo za muziki.

Mimi ni mkimbizi kutoka Kongo, naishi Nakivale. Fally Ipupa akipiga Kinshasa nitatamani kwenda. Naweza? (Msomaji, Isingiro)

Nakuomba usiende. Hadhi yako ya ukimbizi imesimama juu ya hoja kwamba nyumbani si salama kwako. Ukichukua pasipoti ya Kongo, au ukirudi huko kwa hiari yako, unafungua mlango wa kuambiwa kwamba huhitaji tena ulinzi. Mkataba wa wakimbizi wa 1951 unalitaja jambo hilo waziwazi. Usiku mmoja wa rumba haulingani na hatari hiyo kwa familia yako.

Akipiga nchi nyingine, kuna hati ya kusafiria ya wakimbizi. Anzia kwa maafisa wa Ofisi ya Waziri Mkuu hapo hapo kambini wakueleze hatua, na uanze mapema sana, kwani hati hiyo bado itahitaji viza ya unakokwenda. Kitambulisho cha mkimbizi hakikuvushi kwenda Nairobi kama kile cha raia.

Kwa wengine wote wanaowaza Kinshasa, kumbukeni Oktoba 2022. Uwanja wa Stade des Martyrs ulijaa kupita kiasi kwenye shoo ya Fally Ipupa, na watu 11 walikufa. Popote mtakapokwenda, ingieni mapema, jueni mlango wa kutokea uko wapi, na mkiona watu wanasukumana getini, rudini nyuma hata kama tiketi iko mkononi. Watoto wadogo msiwapeleke viwanja vya kusimama.

Shoo ikifutwa nikiwa nimeshafika, nani ananilipa? (Msomaji, Tororo)

Tiketi, mwandaaji. Nauli na hoteli, wewe mwenyewe, isipokuwa bima yako iwe imetaja hivyo.

Na shoo hufutwa kweli. Julai 2016 Koffi Olomide alifika Nairobi kwa shoo, akaonekana kwenye video akimpiga teke mwanamke wa kundi lake pale uwanja wa ndege, na kesho yake akarudishwa kwao. Waliokwisha kusafiri kutoka huku walibaki na vyumba vya hoteli. Serikali ya Kenya ilifanya sawa, na ningependa kila promota alikumbuke hilo.

Kwa hiyo nunua kwa mwandaaji au wakala aliyetangazwa na bendi yenyewe, na hifadhi risiti. Tiketi ya picha iliyotumwa kwa simu na mtu usiyemjua usiiguse: anaweza kuwatumia watu ishirini picha ile ile, na getini atakayeskaniwa kwanza ndiye ataingia. Chukua basi linalokufikisha siku moja kabla, chumba unachoweza kukiahirisha bila faini, na nauli ya kurudi iwe imelipwa kabla hujatoka Tororo.