Filamu ya sokwe kijijini: mambo ya kupanga kabla ya kuwasha projekta

Ukitaka kuonyesha filamu ya uhifadhi katika vijiji vinavyopakana na Gombe, hifadhi ya sokwe iliyo kando ya Ziwa Tanganyika mkoani Kigoma, kama Mwamgongo, anza na kalenda ya ziwa. Dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza. Mbalamwezi ikikomaa, wavuvi hupumzika na kutengeneza nyavu. Siku hizo ndizo zako. Ukienda wakati wa giza utapata watoto peke yao, na anayeamua kufyeka mlima si mtoto.

Mwanga wa mwezi usikutishe: projekta ya lumeni 3,000 kwenye kitambaa cha mita 3 kwa 2 inaushinda. Kinachoharibu picha ni taa ya duka la jirani, na haraka. Kigoma jua huzama karibu saa 1 jioni, kwa hiyo anza saa 2 kasorobo.

Kiangazi upepo wa kusini ni mkali. Toboa pindo la kitambaa kila nusu mita, tia vishikizo vya chuma, kisha funga kwa vipande vya mpira wa tyubu badala ya kamba. Mpira hunyumbuka na upepo. Kamba huchana pindo. Ukingo wa chini uwe mita 1.5 kutoka ardhini, la sivyo wa nyuma wataona visogo. Projekta, spika na kompyuta havizidi wati 500, hivyo jenereta ya kilowati 1 inatosha. Iweke mita 30 nyuma ya ukuta na ujaze mafuta kabla, kwa sababu umeme ukikatika ghafla taa ya projekta ikiwa moto, huweza kuharibika.

Sasa filamu yenyewe. Dakika 12 zinatosha. Gombe imepigwa picha tangu miaka ya 1960, lakini nyingi ya kazi hizo zililenga watazamaji wa mbali, ndiyo maana zinaanza na sokwe. Kijijini anza na mama ambaye mahindi yake yameliwa na nyani, au chemchemi iliyopungua maji baada ya mlima kufyekwa. Shida ya mtu ikishaheshimiwa, atakusikiliza.

Sokwe aingie kupitia mchikichi. Sokwe wa Gombe hula matunda yake, na mawese ni chakula na biashara ya Kigoma nzima. Onyesha kwa karibu vidole vikichomoa tunda kwenye shada, kisha picha ihamie moja kwa moja kwenye mikono ya mama akitenganisha matunda yake. Hapo usitie maneno wala muziki. Waache watu waone wenyewe.

Kamwe usiweke picha ya sokwe aliyebebwa. Kuna atakayedhani anafugika. Piga picha ukiwa mita 10 au zaidi, umevaa barakoa, na barakoa hiyo ionekane kwenye filamu pamoja na sababu yake: mafua yetu huwaua sokwe. Vibali vya TANAPA (Shirika la Hifadhi za Taifa) na Bodi ya Filamu vitangulie.

Simulizi iwe ya Kiswahili, lakini wazee wengi watafurahia Kiha. Mpe kipaza sauti mwanakijiji mwenye ulimi mzuri atafsiri papo hapo, kama wafanyavyo kwenye vibanda umiza, vile vya kuonyesha video na mpira. Mwachie aitazame mchana mara mbili, maana asiyeijua hadithi hutangulia mwisho.

Baada ya filamu tenga dakika 40 za maswali. Wa kwanza atauliza fidia ya mahindi. Usikwepe: mwite ofisa wanyamapori wa wilaya mapema ajibu mwenyewe. Nakala mwachie mwenye kibanda umiza, aicheze kabla ya mpira.