Nimetubu na kulipa, mbona aibu haiondoki?

SWALI: Bwana asifiwe, Mchungaji. Niko Busia, upande wa Uganda. Nilikuwa mweka hazina wa kikundi chetu cha akina mama cha kuweka na kukopa. Karo ya mwanangu iliponishinda, nilichukua marejesho ya wenzangu nisiyaandike daftarini. Siku ya kufungua sanduku yakajulikana. Nimeuza ng'ombe, nimelipa yote. Nimetubu usiku na mchana, lakini kanisani nakaa nyuma, na watu wakiitwa kwenye Meza ya Bwana natoka nje. Mungu amenisamehe kweli?

JIBU: Asifiwe sana, mama. Amekusamehe. Soma 1 Yohana 1:9: tukiziungama dhambi zetu, yeye ni mwaminifu na wa haki hata atuondolee. Msamaha umesimama juu ya uaminifu wake, si juu ya wingi wa machozi yako. Basi usiitubie tena kila usiku dhambi ileile. Mshukuru.

Kuhusu aibu, nenda kwa Petro. Alimkana Bwana mara tatu usiku ule watumishi walipokuwa wakiota moto wa makaa (Yohana 18:18). Sura ya 21, kando ya bahari ya Tiberia, Yesu mfufuka anawangoja wanafunzi na moto wa makaa tena, juu yake samaki, na mkate. Hakuanza na kesi. Alisema, "Njoni mfungue kinywa." Petro alikula kwanza, mkononi mwa yule aliyemkana, wenzake wakiwepo. Ndipo akaulizwa mara tatu kama anampenda. Iliuma, maana Biblia inasema Petro alihuzunika, lakini kila jibu lilifuatwa na kazi: lisha kondoo zangu.

Kwa hiyo kutoka nje wakati wa Meza ndiko kunakukosesha dawa. Paulo aliandika mtu ajihoji, na hivyo aule mkate (1 Wakorintho 11:28). Hakusema ajihoji kisha akimbie.

Nchi yetu inalijua jambo hili. Balokole, yaani "waliookoka" kwa Kiganda, tangu uamsho wa miaka ya 1930, walisimama katika ushirika wakaungama hata wizi, wakarudisha mali za watu. Huo ni urithi mwema. Ila sikubali anayekulazimisha kusimulia kila kitu mbele ya kanisa zima. Uliowakosea ni wana kikundi. Kama hujawatamkia kwa kinywa chako, "Nilichukua, nisameheni," fanya hivyo, bila kutanguliza habari ya karo. Fedha imerudi, lakini nao walidanganywa, wanastahili kulisikia.

Huenda wasikurudishie daftari. Usiliombe. Kusamehewa ni leo, kuaminiwa tena huchukua muda, na hilo halimaanishi Mungu ana kinyongo nawe. Wengine watakunyooshea kidole kisimani au sokoni. Hapo mkumbuke Yesu, aliyesulubiwa nje ya mji, mavazi yake yakipigiwa kura: aliustahimili msalaba na kuidharau aibu (Waebrania 12:2). Anaijua aibu ya hadharani, tena yeye hakuwa na kosa.

Kabla ya Jumapili, mwone mchungaji wako, mwambie unatamani kurudi Mezani, aombe pamoja nawe. Ukiona uzito kwenda mbele peke yako, mwombe mama mmoja wa kikundi, yule aliyekusikiliza bila kukufokea, mwende naye.