Ule mstari wa wima kwenye mchoro wa injini: soma kwa kidole

Mleta uzi umeuliza kwa nini mchoro wa shinikizo na ujazo wa injini ya petroli una mstari unaopanda wima, na kama hapo ndipo injini inapofanya kazi kubwa. Mimi swali hilo lilinitesa muhula mzima, kwa sababu mhimili wa chini nilikuwa nausoma kama muda. Siyo muda. Ni ujazo, yaani pistoni iko wapi.

Kilichonisaidia ni kidole. Kiweke kwenye kona, kisogeze polepole. Kikienda kushoto, pistoni inaigandamiza gesi; kikienda kulia, gesi inaisukuma pistoni. Kikipanda wima, pistoni haijasogea, kwa hiyo kazi ni sifuri. Hapo joto la mafuta linaingia na shinikizo linaruka, basi.

Sasa chukua namba. Nusu lita ya hewa, kilopaskali 100, kelvini 300, uwiano wa mgandamizo 8 kwa 1, yaani pistoni inaibana hewa hadi moja ya nane ya ujazo wake. Pistoni ikifika juu bila joto kuvuja, shinikizo ni kama kilopaskali 1,840 na jotoridi kama kelvini 690, kabla ya cheche yoyote! Hakuna joto lililoingia, mbona gesi ni ya moto hivyo? Imepashwa na kazi ya pistoni. Siku nilipolikokotoa hili mwenyewe ndipo mchoro ulipofunguka machoni pangu.

Kazi yenyewe itafute kwenye eneo. Chini ya mkunjo wa juu, kidole kikienda kulia, ni kazi iliyotolewa na gesi; chini ya mkunjo wa chini, kikirudi kushoto, ni ile tuliyoirudishia. Eneo lililozungukwa katikati ndilo tunalobaki nalo, mradi mzunguko unafuata akrabu za saa. Ukienda kinyume, hiyo ni kazi inayoingia, kama kwenye jokofu. Kilopaskali mara lita ni jouli, kwa hiyo hata kuhesabu viboksi vya grafu kunatosha.

Kwenye dizeli, ule mstari wa wima hulazwa: mafuta yanaungua huku pistoni ikishuka, kwa hiyo joto linaingia na kazi inatoka kwa pamoja.

Usishtuke ukiona mchoro uliopimwa kwenye injini halisi una kona za mviringo. Cheche hupigwa kabla pistoni haijafika juu, na vali ya moshi hufunguka kabla haijafika chini. Tena chini kabisa kuna kitanzi chembamba kinachozunguka kinyume, kazi inayoliwa na kuvuta hewa na kutoa moshi. Kwenye petroli, dereva akikanyaga pedeli kidogo tu, kitanzi hicho hunenepa, maana injini inavuta hewa kupitia njia iliyobanwa.