Ukipata miwani ya VR usianze na kuhesabu vidonge

Wenzangu tunaofundisha famasi, mkipata kabajeti ka VR (miwani inayokuonyesha mazingira ya kompyuta kana kwamba umo ndani) msikimbilie kununulia darasa zima. Miwani moja inatosha kuanzia: mmoja anavaa, anachokiona kinarushwa kwenye projekta, waliobaki wanamkosoa, na kelele zao ndo somo lenyewe, "we umeziba hewa!"

Hewa ipi sasa. Mi VR siitumii kwa kuhesabu vidonge, naitumia zaidi kwa kuandaa dawa za kuchoma, manake kabati la lamina flo ni ghali na huwezi kuwapanga wanafunzi wote mbele yake. Mle ndani hewa iliyochujwa na filta ya HEPA (inayonasa vumbi na vijidudu) inatoka nyuma inakuja usoni kwako, kwahiyo mkono ukipita kati ya filta na sindano ushaharibu, na kazi ifanyike sentimita 15 ndani kutoka ukingoni. Kwenye mtihani wote wanayaandika haya vizuri tu, ila akisimama pale mkono unajiendea, si hewa haionekani! Tafuta programu inayoipaka rangi, mtu aone anavyoikata.

Dawa za saratani ndo kabisaa. Vinkristini ni ya mshipa, ikiingia kwenye uti wa mgongo inaua, na WHO tangu 2007 wanasema iwekwe kwenye mfuko mdogo wa dripu, sio bomba la sindano, maana bomba ndo linadhaniwa kimakosa ni la dawa za uti wa mgongo. Mwache mwanafunzi achague bomba humo kwenye VR, kisha umuulize linaenda wodi gani na nani analipokea.

Ila mikono haifundishiki humo. Kuvuta nusu mililita bila povu, presha ya kichupa, hapo ni bomba halisi na maji, hamna njia ya mkato. Na kusoma cheti cha dawa? Ipo programu ya MyDispense ya Monash University kule Australia, inafunguka kwenye kompyuta ya kawaida na vyuo havilipii. Kuongea na mgonjwa waigizane wenyewe kwa wenyewe, bibi anayetaka nusu dozi ya antibayotiki wanamjua vizuri kuliko programu yoyote.

Mara ya kwanza mtu asikae na miwani muda mrefu, wengine kichwa kinazunguka, akisema anahisi kichefuchefu avue hapohapo. Chaji usiku, programu zipakue mapema kwenye intaneti ya uhakika. Na lenzi ni kitambaa laini kikavu tu jamani, najua sisi wafamasia tukiona kitu mkono unaenda kwenye spiriti, lenzi zitaharibika.